Tando za Buibui Katika Ukungu wa Rangwi

Sisi wenyeji wa Rangwi hatuna haja ya kufundishwa ukungu ni kitu gani. Katika miezi ya Juni na Julai huja usiku, ukajaza mabonde, na asubuhi mtu akisimama mlangoni haoni hata zizi la ng'ombe wake mwenyewe. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi ukapanda milima yetu ya Usambara, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, mpaka ule mvuke hugeuka vitone vidogo mno vinavyoelea hewani. Mgeni atokaye Tanga au Korogwe hutetemeka na kulalamika. Sisi huvaa sweta tukaenda zetu shamba.

Likizo ya Juni mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, alikuja kutusalimu, naye alikuwa na kamera yake. Nikamwomba anifundishe kuitumia.

"Wataka kupiga picha ya nini, mjomba?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nataka kupiga tando za buibui. Alicheka sana, maana tangu aanze kazi hiyo hajapata kulipwa na buibui hata mmoja! Walakini alikubali, na kesho yake akaniamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Tulikwenda kwenye ua wa miti unaotenga shamba letu na njia. Wasomaji, mimi nimepita pale kila siku tangu utoto wangu, na siku za jua ningeweza kuapa kwamba hapana kitu. Asubuhi ile ua mzima ulikuwa umetundikwa tando. Nyingine zilikuwa za duara kama gurudumu la baiskeli lenye spoki zake, nyingine zimetandazwa juu ya majani kama kitambaa. Kumbe zipo siku zote! Uzi wa buibui ni mwembamba kiasi cha kutoonekana, bali vitone vya ukungu vikinaswa juu yake huuonyesha wote.

Nilitazama kwa karibu nikaona jambo ambalo baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia. Katika utando wa duara, zile nyuzi zitokazo katikati kwenda ukingoni zilikuwa na maji machache, lakini ule uzi uzungukao ulijaa matone yaliyopangwa kama ushanga. Mwalimu alinieleza kuwa nyuzi za katikati hazinati. Buibui huzitumia kama njia yake. Uzi unaozunguka ndio wenye gundi ya kunasia wadudu, na gundi hiyo hupenda kunyonya unyevu. Tena wako buibui wengine wasiotumia gundi, bali nyuzi zenye manyoya laini sana. Mwaka 2010 wataalamu wa China walitangaza kwamba uzi wa namna hiyo ukilowa, manyoya hujikusanya yakawa mafundo madogo, na maji hujivuta yenyewe kuelekea kwenye mafundo hayo. Wakatengeneza uzi wa kuiga ule, wakitumaini kuvuna maji katika ukungu. Nilifurahi kusikia hayo, kwani ukungu wa bure tunao wa kutosha.

Kupiga picha yenyewe si kazi rahisi. Kamera haijui kwamba wewe wataka utando; huupita ikatazama mti ulio nyuma. Mjomba alinionyesha kuweka kidole kando ya utando, kulenga kidole hicho, kisha kukiondoa polepole. Mwanga wa kamera usiutumie, maana humulika ukungu wenyewe na picha huwa nyeupe tupu. Nyuma ya utando pawe na kitu cheusi. Sisi tulitundika koti la mjomba kwenye tawi. Jicho la kamera nalo huingia ukungu kila dakika, lazima kulifuta kwa kitambaa safi. Zaidi ya yote, usiguse tawi! Tone moja likianguka huangusha la pili, na la pili huangusha yote. Tulipiga magoti katika majani yaliyolowa hadi saa mbili, upepo ukaanza kuvuma, kazi ikaisha.

Mwalimu alipoziona picha alinisimulia habari za Mmarekani mmoja, Wilson Bentley, mkulima wa Vermont. Mwaka 1885, akiwa kijana wa miaka 19, alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kwa kamera aliyoiunganisha na hadubini. Akaendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1931, akiacha picha zaidi ya 5,000. Huyu naye alipiga picha za umande, na za tando za buibui zilizolowa. Majirani zake, nadhani, nao walicheka kama mjomba.

Lakini picha iliyonifikirisha zaidi haina utando ndani yake. Mjomba alipiga shamba zima kutoka juu: kulia ua wetu unang'aa, kushoto kabichi za baba zimejipanga katika matuta, safi kabisa. Nilishuka kuhesabu. Kwenye ua nilipata tando 23. Kwenye kabichi sikupata hata mmoja. Baba hupulizia dawa kila wiki.

Jioni nilimwonyesha picha ile. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "kabichi yenye matundu hainunuliwi. Lori likifika hapa, dalali haulizi habari za buibui. Sare yako imetoka katika matuta hayo."

Alisema kweli, wala sikumbishia. Tena utando hauwezi kumnasa kiwavi aliyejificha ndani ya jani. Hunasa nondo wake arukapo. Nilimwambia tu nililofundishwa darasani, ya kwamba dawa haichagui kati ya mdudu alaye kabichi na yule amlaye mdudu. Na kwamba nondo huyo wa kabichi ni mjanja, kwani tangu mwaka 1953 huko Java alionekana amezoea dawa ya DDT, na baadaye amezoea nyingine nyingi. Baba alikaa kimya. Mama ndiye aliyesema, "Baba yao, bei ya dawa nayo si imepanda?"

Asubuhi baba alibeba bomba lake mgongoni kama kawaida. Alipofika kwenye matuta mawili yaliyo karibu na ua, aliyaruka. Hakuniambia neno, nami sikuuliza.

Sasa shule imefunguliwa, na kila nirudipo nyumbani hupita pale kwanza. Juzi katika matuta yale mawili nilikuta tando nne, mbili zikiwa ndogo mno, na kabichi tano zimetobolewa. Baba naye alikuwa hapo, ameinama, anahesabu kabichi. Mavuno bado majuma matatu.