Tako za Kuku wa Sinaloa

Twende leo mbali, mpaka Sinaloa, jimbo la Meksiko lililo katikati ya milima ya Sierra Madre na bahari ya Pasifiki. Mwezi wa sita, miembe ya Escuinapa huinama kwa uzito wa matunda. Uani moto wa makaa unawaka, na juu ya wavu wa chuma kuna kuku aliyepasuliwa na kulazwa wazi kama kitabu. Alilowekwa kwanza katika maji ya machungwa na ndimu, pamoja na chumvi, kitunguu saumu na pilipili.

Kuku huyo si mwenyeji. Waliomleta ni Wahispania, walioingia nchi hiyo mwaka wa 1519. Embe nalo ni mgeni kutoka Asia. Wenyeji halisi ni pilipili na mahindi, yale mahindi ambayo merikebu za Wareno zilifikisha pwani za Afrika baada ya mwaka wa 1500, nayo leo ni bukari letu.

Kuku akiiva hukatwa vipande vyembamba. Embe lililoiva, lakini gumu bado, hukatwakatwa na kuchanganywa na kitunguu kibichi, pilipili, majani ya giligilani, ndimu na chumvi. Halipikwi. Hiyo ndiyo salsa.

Lakini yote hayo hukaa juu ya mkate mwembamba uitwao tortiya, na hapa tukawie kidogo. Tangu kale mama wa Meksiko huchemsha mahindi makavu katika maji yenye chokaa, kama gramu 10 kwa kilo moja, huyaacha yalale usiku kucha, kisha huyaosha mpaka maganda yatoke. Zamani aliyasaga akipiga magoti mbele ya jiwe, kazi ya saa nyingi kila siku. Sasa wengi hupeleka kwenye mashine. Donge husawazishwa na kuchomwa juu ya kikaango kikavu.

Kwa nini chokaa? Bila hiyo donge hupasuka. Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo: chokaa hufungua ndani ya mahindi vitamini ambayo tumbo haliwezi kuipata vinginevyo. Mbegu ilivuka bahari, maarifa yakabaki nyuma. Huko Hispania na Italia maskini waliokula karibu mahindi matupu waliugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, akili kuchafuka, hata kifo. Wala si habari ya kale tu. Mwaka wa 1990, karanga zilipokosekana katika chakula cha wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, zaidi ya watu 17,000 walipatwa na ugonjwa huo. Basi mwenye kula bukari pamoja na maharagwe, karanga na samaki asiogope.

Ukitaka kujaribu nyumbani, tafuta chokaa iliyotengenezwa kwa chakula. Ile ya kupaka ukuta usiiguse. Ukiikosa, pika chapati nyembamba za ngano: hata watu wa kaskazini ya Meksiko hupenda za ngano, wala hakuna atakayekucheka. Weka kuku, juu yake embe, kunja mara moja, shika kwa vidole. Inamisha kichwa upande unapouma, maana maji ya embe hutiririka mpaka kwenye kiwiko.