Cha Bure Chaweza Kulisha Nyumba?

Ndugu msomaji, mpwa wangu wa Tunduma na wenzake wawili wanataka kuunda kampuni ya kuweka programu endeshi huria, zile za ukoo wa Linux, katika kompyuta za mawakala wa forodha. Baba yake, ambaye ni shemeji yangu na mkulima wa kahawa huko Mbozi, ameombwa mtaji. Naye auliza kwa haki: kitu kinachogawiwa bure kitauzwaje?

Programu endeshi ndiyo inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi zake zote. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuinakili, kuirekebisha na hata kuiuza, mradi anayeipokea naye apate haki zile zile. Uhuru huo una faida. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa kwa Kiswahili programu huria ya ofisi, wakaiita Jambo OpenOffice. Lakini ni dhahiri kwamba anayetegemea kuuza nakala tupu hatafika mbali, kwa kuwa jirani yake aweza kuitoa nakala hiyo hiyo bila malipo.

Hata hivyo, wapo waliofaulu. Red Hat ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilitoza ada ya mwaka kwa matengenezo, usalama na msaada wa mafundi. Mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua kwa dola bilioni 34. Mandriva ya Ufaransa nayo ilipendwa na watu wengi majumbani, lakini wapenzi si wateja. Ikafungwa mwaka 2015.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kampuni ya namna hii isipimwe kwa uzuri wa programu, bali kwa dhamana inayotoa. Hapa mpakani malori ya kwenda Zambia na Kongo husubiri nyaraka. Kompyuta ya wakala ikizima, dereva hulala njiani na mwenye mzigo hulalamika. Wakala hatalipia kitu anachoweza kukipata bure, ila atamlipa fundi atakayefika saa ile ile.

Nimemshauri shemeji awaulize vijana maswali matatu. Je, wako mawakala waliokubali kwa maandishi kulipa ada kila mwezi? Je, programu nyingine ambazo mawakala hao wanazitegemea zitafanya kazi juu ya Linux? Na mmoja wao akihamia Dar es Salaam, je, waliobaki wataimudu kazi?

Wakiwa na majibu, kampuni yaweza kufaulu, naye atoe fedha kidogo kidogo huku akikagua hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wasipokuwa nayo, fedha ya kahawa ibaki nyumbani. Watoto wengine wangali wanasubiri ada ya shule.