Nyota Ndogo Zilivyonibadilisha

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa pwani ya Kenya. Mbingu niliyorithi kwa wazee ilikuwa ya nyota ang'avu: Kilimia iliyotangaza msimu wa kulima, na nyota zilizowaongoza mabaharia. Leo moyo wangu uko kwa nyota ambazo jicho halizioni, nami nashuhudia zilivyonigeuza.

Kilichonivuta ni Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengewa uchunguzi wa eksirei za angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Eksirei za nyota huzuiwa na angahewa, kwa hiyo ni lazima chombo kipande juu yake. Nilipojua kwamba safari ile ilianzia kwetu, nilisoma kwa kiu.

Ndipo nikavifikia vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye mwanga hafifu. Takriban robo tatu ya nyota jirani zetu ni vibete hivi, na hakuna hata kimoja kionekanacho kwa macho matupu. Proxima Centauri, iliyogunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes huko Johannesburg, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2. Nguvu yake yote haifiki hata sehemu moja ya mia tano ya nguvu ya Jua, lakini kwa eksirei inakaribiana nalo. Hapo nilishangaa, na mshangao huo haujaniisha.

Siri iko kwenye mzunguko. Nyota ikijizungusha huku gesi ya moto ikipanda na kushuka ndani yake, huzaa sumaku. Sumaku hupasha tabaka la nje hadi mamilioni ya digrii, na eksirei hutoka humo. Kadiri nyota inavyozunguka kwa kasi ndivyo eksirei zinavyozidi, mpaka zifikie takriban sehemu moja ya elfu ya nguvu yake yote. Hapo hazipandi tena. Baadaye upepo wa nyota yenyewe, ukivutana na sumaku hiyo, huipunguzia mwendo, nayo hutulia kwa umri. Mwaka 2016 Nicholas Wright na Jeremy Drake walionyesha kwamba hata nyota ndogo zisizo na tabaka la ndani kama la Jua, Proxima ikiwemo, hufuata kanuni hiyohiyo.

Tangu hapo ufundishaji wangu umebadilika. Mwanafunzi akiuliza kama sayari fulani yaweza kuwa na uhai, hatuishii kwenye umbali wake na nyota yake. Tunauliza: nyota hiyo inazunguka kwa kasi gani? Ina umri gani? Eksirei zake zimeiachia sayari hewa yoyote? Nalo Jua, lililokuwa na ghasia ujanani, sasa nalitazama kwa shukrani, kwa kuwa utulivu wake limeupata kwa mabilioni ya miaka.

Walimu wenzangu, waambieni watoto habari za nyota hizi. Ndizo nyingi kuliko zote, na elimu yake ina mlango wa kihistoria hapa pwani kwetu.