Ramani Iliyoachwa

Palikuwa na kijana mmoja wa Karatu aliyependa ramani tangu utoto wake. Mama yake alikuwa na punda wawili wa kuchukulia maji, naye kijana aliwafuata punda hao kila kiangazi, hata akajua visima na chemchemi zote za upande ule. Mwaka 2013, alipokwisha kujifunza kazi ya kompyuta, akaazimu kuviandika visima hivyo katika ramani ya intaneti, ili mtu ye yote mwenye simu apate kuviona.

Akafanya kazi kwa bidii muda wa miaka miwili. Kisha akapata kazi ya mshahara mjini Arusha, na ramani akaiacha, kama mtu aachavyo jembe shambani akidhani atarudi kesho.

Miaka tisa ikapita. Aliporudi nyumbani mwaka 2024, akaifungua ramani yake. Lo! Hakuona kitu ila rangi ya kijivu. Ramani ya namna hii huonekana kama karatasi moja, walakini sivyo; ni vipande vingi vya mraba, ambavyo kompyuta huvipanga kimoja kando ya kimoja, kama fundi apangavyo vigae. Wale waliokuwa wakimpa vipande hivyo bure walikuwa wameacha zamani. Basi akatafuta vingine, akavipata katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo watu wa nchi nyingi huichora na kuisahihisha pamoja.

Nchi ikaonekana tena: Karatu, Rhotia, mlima Oldeani wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, na lile shimo kubwa la Ngorongoro, ambalo upana wake ni kilomita 19 hivi na kina chake mita 600. Lakini visima havikuonekana hata kimoja. Akatafuta usiku kucha, mwisho akavikuta baharini! Vilikuwa vimejipanga vizuri kati ya Moroko na Hispania.

Sababu yake ni hii. Karatu ipo katika latitudo 3.3 kusini na longitudo 35.7 mashariki. Programu yake ya kwanza ilisoma latitudo mbele, lakini ile mpya ilisoma longitudo mbele. Hivyo 35.7 ikawa kaskazini ya Ikweta, na 3.3 ikawa magharibi ya Greenwich. Mwenye atlasi na aweke kidole mahali hapo, ataona maji matupu. Kijana akazigeuza hesabu zake, na visima vikarudi Karatu. Akafurahi mno, akawatangazia majirani.

Siku ya tatu, mama mmoja jirani aliona bomba la karibu limeharibika. Binti yake akatazama ramani katika simu, wakaenda na punda mpaka kisima cha mbali walichoonyeshwa. Wakarudi saa tatu ya usiku, na madumu matupu.

Kijana akaenda kwao asubuhi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watu wa kule wametuambia kisima kile kilikauka miaka minne iliyopita. Je, wewe ulikiona lini?"

Akainama, asiweze kujibu.

Shuleni alikuwa amesoma habari za Oscar Baumann, aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, na za Mjerumani Fritz Jaeger, aliyezuru nchi hizi mwaka 1904, akarudi tena mwaka 1906 na 1907 kuchunguza nyanda za juu za Ngorongoro na kuzichorea ramani. Kazi yake ikapigwa chapa mwaka 1911 na 1913. Lakini Jaeger alichora milima, na milima haihami. Ikipimwa sawasawa mara moja, yatosha miaka mingi. Maji ya Karatu hutegemea mvua na ile misitu ya juu, tena hutegemea mabomba na mikono ya watu. Kisima cha mwaka 2013 si lazima kiwe kisima leo.

Basi akaifunga kompyuta, akatoka kwa miguu. Kazi hii ilimchosha kuliko ile ya programu, maana jua lilikuwa kali na vilima ni vingi. Kila alipofika aliwauliza wanawake na wachungaji, kwa kuwa hao ndio wajuao. Vilivyokauka akavifuta. Kando ya vile vilivyobaki akaandika siku aliyoviona kwa macho yake, tena akaiagiza programu kwamba kisima kisichotazamwa kwa muda wa mwaka mzima kigeuke rangi, kiwe kijivu.

Alipokwisha akampelekea yule mama. Mama akaitazama simu kitambo, akivihesabu kwa kidole.

"Vimepungua," akasema.

"Ndiyo, mama. Vimepungua."

Akauliza kipi kilicho karibu, na kilitazamwa lini. Kijana akamwambia, "Juzi." Ndipo akawafungulia punda, akaenda zake kabla jua halijapanda.