Mahari ya mkimbizi

Sisi vijana wa Kivu tulioko hapa Kimaka, Jinja, tulifundishwa kanisani: mume mmoja, mke mmoja, hadi kifo. Tunaamini hivyo. Lakini mwenzetu ameishi na mchumba wake miaka 3 bila baraka, sababu mahari ni ng'ombe 6, na ng'ombe tuliwaacha nyumbani tukikimbia. Sasa Meza ya Bwana wananyimwa wote wawili.

Tukasoma pamoja Mwanzo 2:24: kuacha wazazi, kuambatana. Ng'ombe hawatajwi. Mzee mmoja akatujibu, "Na Yakobo? Si alitumika miaka 7 juu ya Raheli?" Kweli, mzee. Lakini Labani alimpa kazi.

Baba zetu, mama zetu, wachungaji: pokeeni hata mbuzi mmoja, muwabariki. Mtoto wao anatambaa tayari. Na nyinyi wenzetu wa kambini, kwenu mnafanyaje?