Chokaa, Mbao na Zege

Jumamosi, 8 Novemba. Tokyo

Asubuhi tumekwenda Asakusa kwa treni ya chini ya ardhi, njia ya Ginza. Salum, mtoto wa kaka yangu, kaniambia kipande cha Ueno hadi Asakusa ndicho kilichotangulia kufunguliwa, mwaka 1927. Nje ya stesheni ni vichochoro vya maduka ya biskuti za mchele na feni, halafu taa kubwa nyekundu ya lango la Kaminarimon, halafu watu, watu, watu.

Mbele ya hekalu la Senso-ji kuna chetezo kikubwa cha shaba. Wenyeji wanauzoa moshi wa ubani kwa viganja na kuupeleka palipo na maradhi: mwenye goti gotini, mwenye kichwa kichwani. Mimi nilisimama pembeni nikitazama tu. Hekalu lenyewe linahesabu miaka yake tangu karne ya 7, lakini jengo kuu liliteketea Machi 1945, usiku wa mabomu, na hili tulilolikuta ni la 1958. Nguzo nilizigonga kwa kidole. Zege. Nilivunjika moyo kidogo, nitasema kweli. Mtu hapandi ndege mbili kuja kutazama zege.

Jumapili, 9 Novemba. Njiani kwenda Kyoto

Salum amepiga hesabu ya ile tiketi ya jumla wanayouziwa wageni. Ya siku 7 waliipandisha 2023 ikawa yeni 50,000; Tokyo hadi Kyoto kwa treni ya mwendo kasi ni kama yeni 14,000. Kwa safari yetu tungekula hasara, basi tunakata tiketi moja moja. Kijana huyu tangu aje kusoma Osaka amekuwa bahili, na mimi nafurahi.

Treni ilipoingia, wasafishaji walikuwa wameshapanga mstari jukwaani. Abiria wakashuka, wao wakaingia: viti wakavigeuza vyote vitazame tunakokwenda, meza wakazifuta, vitambaa vya vichwani wakavibadilisha. Dakika chache tu, wakatoka, wakatuinamia, tukaruhusiwa kupanda. Njia hii ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na sasa treni zake zinafika kilomita 285 kwa saa. Chai yangu haikutikisika.

Tulikata viti vya herufi E, upande wa kulia, ili tuuone mlima Fuji. Tuliona mawingu. Bwana wa kiti cha mbele aligeuka akatuomba radhi kwa niaba ya mlima.

Chakula: wali wa kufinyanga wenye samaki ndani. Yale masanduku mazuri ya stesheni Salum anayasoma maandishi yake mpaka mwisho, na mengi anayarudisha. Nguruwe hajifichi mbali.

Jumatatu, 10 Novemba. Kyoto

Kinkaku-ji, lile banda la dhahabu kando ya bwawa. Linang'aa kweli, na foleni ni ndefu kweli. Mwaka 1950 mwanafunzi wa utawa alilitia moto likawa majivu. La leo lilimalizika 1955. Nimeona, nimepiga picha, nimetoka.

Fushimi Inari nilipapenda zaidi. Unashuka stesheni ya Inari na lango liko ng'ambo ya barabara. Malango mekundu yamepangwa kwa maelfu, yakifuata njia hadi mlimani. Ukipanda huoni ila rangi. Ukigeuka nyuma, kila mguu wa lango umeandikwa jina la aliyelitoa na tarehe: wafanyabiashara waliokuja kuomba mauzo, au kushukuru. Mengine mapya, rangi bado ina harufu. Mengine yameoza miguu, na mafundi walikuwa wakiling'oa moja wasimamishe jipya.

Jumanne, 11 Novemba. Horyu-ji

Treni ya kawaida leo, inayosimama kila mahali, imejaa watoto wa skuli. Mzee mmoja alimuuliza Salum tumetoka wapi. Aliposikia Tanzania alipiga paja. "Ikangaa!" Akaanza kusimulia, Salum akitafsiri kwa taabu: marathoni ya Fukuoka 1983, Juma Ikangaa mbele, Seko Toshihiko nyuma yake, na Seko akampita mwishoni kabisa. Mzee aliyaona yale kwenye televisheni. Alimpenda Seko, kasema, lakini siku ile alimhurumia Ikangaa. Nikamkumbusha kwamba 1986 Ikangaa alirudi Fukuoka akashinda. Analijua hilo pia. Alishuka huku akitupungia mkono, na behewa zima lilikuwa likitutazama.

Hekalu la Horyu-ji lina majengo ya mbao yaliyo makongwe kuliko yote duniani yanayosimama bado. Wageni wachache. Hakuna dhahabu. Nilikaa sana chini ya ukumbi mkuu nikizitazama nguzo. Zimenenepa katikati, zikasinyaa juu. Palipooza, seremala kachonga shimo la mraba akatia kipande kipya cha mbao, kikakaa barabara, na kipande nacho kimezeeka. Kiraka juu ya kiraka. Nilipitisha jicho kwenye nguzo moja nikashindwa kuamua ipi ni mbao ya mwanzo.

Na hata hapa moto ulifika. Tarehe 26 Januari 1949 picha za ukutani za ukumbi huu ziliungua wakati wa matengenezo. Mwaka uliofuata Japani ikatunga sheria ya kulinda turathi, na mpaka leo tarehe 26 Januari mahekalu nchi nzima hufanya mazoezi ya kuzima moto. Salum akanieleza na habari za Ise, ambako mahali patakatifu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa mbao mpya na ramani ileile. Mara ya mwisho 2013. Namna hiyo ufundi haufi, maana kijana aliyebeba mbao mara hii ndiye atakayesimamia mara ijayo.

Alhamisi, 13 Novemba. Himeji

Kutoka Kyoto tumepita Osaka na Kobe, kisha bahari ikatufuata upande wa kushoto mpaka chini ya daraja la Akashi. Ukitoka tu stesheni ya Himeji ngome inaonekana mwisho wa barabara, nyeupe.

Nyeupe ya chokaa! Sisi wa Mji Mkongwe tumekulia ndani ya chokaa, nikaijua kabla sijaambiwa. Yao wanaichanganya na nyuzi za katani na gundi ya mwani. Mwani, nao sisi tunaupeleka nje kwa magunia. Wamepaka kuta, wamepaka nguzo za nje, wamejaza hata maungio ya vigae, na ndiyo maana paa likitazamwa kwa chini linaonekana limemwagiwa unga.

Ngome hii Ikeda Terumasa aliimaliza 1609. Mwaka 1945 mji uliokuwa chini yake uliungua, na bomu lililoangukia ngome halikulipuka. Ndani unavua viatu unavibeba mfukoni, ngazi zimesimama wima, magoti yangu yakalia. Nguzo mbili kubwa zinapanda orofa baada ya orofa; ya magharibi ilibadilishwa katika matengenezo yaliyokwisha 1964. Kwa hiyo hata hapa kuna kiraka.

Kilichonikaa zaidi ni jiwe la kusagia. Limepachikwa kwenye ukuta wa mawe, limewekewa wavu wa chuma. Wanasimulia kwamba jemadari Hideyoshi alipokuwa akijenga hapa mawe yalimpungukia, na bibi kizee muuza vitumbua vya mchele akamtolea jiwe lake. Watu wakaona haya, wakaleta ya kwao. Hadithi au kweli, jiwe lipo.

Ijumaa, 14 Novemba. Osaka

Salum hakutaka twende kwenye ngome ya Osaka. "Shangazi, hiyo feki. Zege tupu, na lifti ndani." Nikamwambia magoti yangu yanataka lifti. Inakufikisha orofa ya 5, na wenye shida ya miguu wanaachiwa mpaka ya 8.

Ndani ni makumbusho, na humo nimeokota hesabu ambayo Salum hakuwa nayo. Mnara wa Hideyoshi ulisimama tangu 1585 hadi 1615, ukaangamia vitani. Wa akina Tokugawa ulikamilika 1626, radi ikaumaliza 1665. Huu wa zege ulijengwa 1931 kwa michango ya wakazi wa mji, ukapita katika vita, na bado upo. "Feki" ameishi zaidi kuliko wenzake wawili ukiwajumlisha.

"Kwa hiyo jumba letu la Beit el Ajaib kule Zanzibar nalo walijenge kwa zege?" Salum akauliza.

Sikusema hivyo. Upande ule ulioporomoka Desemba 2020 naulilia mpaka leo, na watu walikufa mle. Kwetu chokaa ipo na mafundi wapo, basi na watumie chokaa. Lakini waseme wazi kipi cha Sultani Barghash na kipi cha juzi, wasituchoree uzee. Na lifti wairudishe. Nyumba ile ilikuwa na lifti kabla ya mnara huu wa zege kujengwa.

Salum akasema nizungumze na watu wa Mambo ya Kale, si yeye.

Jioni mtaani Dotonbori, vibandani, tukala takoyaki, vidonge vya unga vyenye pweza ndani. Pweza mmoja wa Forodhani kwetu angetosha kibanda kizima. Unga mwingi, moto hatari, nimeungua ulimi. Nimekula sahani mbili.