Muhuri wa Kisanduku cha Wifi

Wamama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, juma hili tuongee juu ya kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo. Wengine wanakiita modemu, wengine ruta, watoto wanasema "wifi" tu. Kiko kwenye ofisi za vyama, kwenye maduka ya kuchaji simu, na sasa kinaingia majumbani. Tangu Starlink ipate ruhusa ya kufanya kazi katika nchi yetu mwaka 2025, hata mtu wa kijiji cha mbali anaweza kuota kuwa nacho. Tunajua kukipangusa vumbi na kukilaumu mtandao ukikatika. Wachache wanajua kwamba ndani yake mna programu inayokiongoza, na kwamba programu ile inaweza kubadilishwa na mtu mwingine huku taa zikiendelea kuwaka vilevile.

Kubadilisha programu si vibaya. Waliotengeneza kisanduku wanagundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, wanaliziba, wanatoa programu mpya. Kisanduku kinaipokea, kinafuta ya zamani, kinazima na kuwaka tena. Kazi hiyo inaitwa sasisho. Lakini kisanduku kinajuaje kwamba programu hiyo mpya imetoka kweli kwa waliokitengeneza?

Mama yeyote wa AVEC atanielewa. Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wamama watatu. Anayenunua hisa anapigiwa muhuri katika kitabu chake, kisha muhuri unarudi ndani ya sanduku pamoja na pesa. Kwa nini tunaufungia hata muhuri? Kwa sababu muhuri ni pesa. Mtu akilala nao nyumbani atajipigia hisa mpaka asubuhi, na siku ya kugawana kitabu chake ndicho kitakuwa kinene. Tena tukichagua muhuri wa umbo jepesi, duara tupu kwa mfano, mtoto wa darasa la nne atauchonga kwenye kipande cha muhogo mbichi na hakuna atakayeona tofauti.

Programu ya kisanduku nayo inapigwa muhuri, ila muhuri wake ni wa hesabu. Elimu ya hesabu hizo inaitwa kriptografia. Mtengenezaji anashika ufunguo wa siri wa kupigia muhuri, na kila kisanduku kinapewa ufunguo mwingine ambao kazi yake ni kukagua tu. Mwenye ufunguo wa kukagua hawezi kupiga muhuri. Ukigusa hata herufi moja ya programu, muhuri haukubali, na kisanduku kizuri kinakataa kuipokea. Muhuri wa namna hiyo hauulizi nani alibeba. Programu inaweza kupita mikononi mwa wezi kumi, ikafika salama, au ikakataliwa.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko mjini Kinshasa. Mtandao ni ghali, umeme ni wa jua, na mafundi wetu wanabeba programu katika flashi kutoka mkono hadi mkono, kwa pikipiki, kutoka Kindu, kutoka Bukavu. Kijana mmoja alifika kwenye ofisi yetu akiwa na faili la kufanya upya kisanduku. Alilipata kwa rafiki yake, na rafiki alilishusha kwenye ukurasa fulani wa intaneti. Mama Prezidenti akamwuliza, "Mtoto wangu, unajuaje kama ni lenyewe?" Kijana akajibu kwa heshima, "Mama, usiwe na wasiwasi, nimelinganisha hesabu yake, iko sawa."

Hakuwa anadanganya. Kila faili linaweza kupewa alama fupi ya hesabu, na faili likiharibika njiani alama inabadilika. Ni kama mizani: gunia limetoka Samba na kilo 50 na kikaratasi kinachosema kilo 50, limefika Kasongo na kilo 50, basi halikumwagika njiani. Lakini kama aliyebadilisha mchele ndiye aliyeandika na kikaratasi? Alama ile ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa uleule usiojulikana. Mizani inasema mzigo haukupungua. Haisemi nani ameufunga. Mama Prezidenti, ambaye hajasoma kompyuta hata siku moja, alikataa flashi ile, na mimi nikaona amejibu kama mhasibu.

Alama iliyotumiwa sana kwa kazi hiyo inaitwa MD5. Ilitungwa na Ron Rivest, Mmarekani, mwaka 1991. Mwaka 2004 mama mmoja wa China, profesa Wang Xiaoyun, pamoja na wenzake, alionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kupewa alama moja ya MD5. (Napenda kuwasimulia mabinti zetu habari hii. Dunia nzima ilikuwa inautegemea muhuri ule, na aliyeonyesha kwamba ni muhuri wa muhogo alikuwa mwanamke.) Hata hivyo watu hawakuacha kuutumia. Mwaka 2012 ikagunduliwa programu ya kijasusi iliyoitwa Flame, katika kompyuta za Iran, Sudan, Misri na nchi nyingine. Ilikuwa inaingia kwa kujifanya sasisho la Microsoft, na sahihi yake ilighushiwa kwa kutumia udhaifu uleule wa MD5. Miaka 8 nzima baada ya onyo!

Hizo zilikuwa kompyuta. Kwa ruta zetu hali mara nyingi ni mbaya zaidi, maana nyingine hazikagui chochote. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba baadhi ya ruta za ASUS zilichukua programu mpya kwa njia ya wazi bila kuhakikisha kama imebadilishwa njiani. Tume ya Marekani inayolinda wanunuzi iliishitaki kampuni hiyo, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kukaguliwa kwa miaka 20. Tume ilisema pia kwamba kitufe cha kutafuta programu mpya mara nyingi kilimjibu mwenye ruta kuwa hakuna jipya, kumbe lipo. Mwaka 2015 kampuni nyingine, D-Link, ilitangaza kwa bahati mbaya funguo zake za siri za kupigia muhuri ndani ya mafaili yaliyokuwa wazi kwa wote. Hata hesabu iwe ngumu namna gani, muhuri ulioachwa mezani sokoni hauna kazi tena.

Mtu akishatawala kisanduku anafanya nini? Brazili, mwaka 2011, wezi waliingia katika modemu zaidi ya milioni 4 kupitia tundu la programu ya ndani. Walibadilisha jambo moja tu: mahali ambapo modemu inauliza njia. Mwenye nyumba aliandika jina la benki yake vizuri kabisa, akapelekwa kwenye ukurasa wa uongo unaofanana na wa benki. Afrika nayo imeonja. Mwaka 2016 Liberia ilishambuliwa na jeshi la kamera na ruta za watu wa kawaida, zilizotekwa kwa sababu neno la siri la kiwandani halikubadilishwa. Kampuni kubwa ya simu ya kule ililemewa, na Mwingereza aliyeongoza mashambulizi alifungwa mwaka 2019. Wenye kamera zile hawakujua kitu. Walilala, kamera zao zikaenda vitani.

Sasa turudi kwetu, na niseme kwa haki ili mtu asiogope ovyo. Pesa ya simu unayotuma kwa kupiga namba zenye nyota haipiti katika kisanduku, inapita mtandao wa simu. Ukitumia programu ya pesa kupitia wifi, hapo inapita. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna yake, mwenye kisanduku haoni maneno. Lakini anaweza kuona mnakwenda wapi na saa ngapi, na anaweza kuwapeleka kwenye ukurasa wa uongo unaowaomba neno la siri. Simu ikikuambia ukurasa hauaminiki, usibonyeze "endelea" kwa haraka ya kumaliza.

Kinachonikosesha usingizi si pesa. Vyama vyetu vinapokea wamama waliokimbia vita, wanaokuja kueleza mambo ambayo hawajawaambia hata waume zao. Majina yao, kijiji, nani aliwafanyia. Tunaambiwa kila siku tuyaweke kwenye kompyuta, tuyatume mjini kwa haraka, wafadhili wanangoja. Kutoka Salamabila hadi Kasongo mjini, jina la mama kama huyo likifika kwa mtu asiyepaswa, hakuna kampuni itakayomrudishia amani yake.

Basi tumeanza na tunayoyaweza. Neno la siri lililobandikwa chini ya kisanduku tumelibadilisha, na jipya liko kwa watu wawili. Mlango wa kukiongoza kutoka mbali tumeufunga. Programu mpya tunaichukua kwenye ukurasa wa mtengenezaji tu, hata ikimaliza uniti za juma zima. Na kabla ya kununua kingine tunamwuliza muuzaji: mtengenezaji ataendelea kutoa programu mpya mpaka mwaka gani? Nikiweka faili lililoguswa, kisanduku kitakataa? Swali la kwanza si la kiburi. Uingereza, tangu mwaka 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji aseme muda huo, na inakataza maneno ya siri mepesi ya kiwandani. Naogopa kwamba visivyouzika kule vitashushwa bei na kuletwa kwetu, kama nguo za mtumba, ila mtumba unaufua kwa sabuni.

Muuzaji mmoja alicheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mwanamke. Wa pili alipiga simu kwa aliyemletea bidhaa, akaulizia, akarudi na jibu. Kwake ndiko tulikonunua. Majina ya wale wamama bado hatujayaingiza. Yako katika daftari, na daftari liko ndani ya sanduku la kufuli tatu.